Mtoto Anapoumwa Sikio Ndani ya Ndege: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kumtuliza

Utakapopanda tena ndege kutoka Nairobi kwenda Mombasa, fanya jaribio moja dogo. Ndege ikishafika juu na kutulia, kunywa maji yaliyomo kwenye chupa yako ya plastiki, izibe barabara, kisha iweke kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako. Mkishatua, itoe uitazame. Mbavu zake zitakuwa zimebonyea kwa ndani kana kwamba kuna mtu aliyeiminya, ilhali hakuna aliyeigusa. Hewa uliyoifungia ndani ya chupa huko juu ni nyepesi, na hewa nzito ya pwani imeisukuma chupa kutoka nje. Ngoma ya sikio la mtoto hufanyiwa jambo hilohilo, na ngoma ya sikio imejaa mishipa ya fahamu.

Nyuma ya ngoma hiyo kuna chumba kidogo chenye hewa, ambacho wataalamu hukiita sikio la kati. Chumba hicho kina njia moja tu ya kupitishia hewa, nayo ni mrija mwembamba unaokwenda hadi nyuma ya pua, juu kidogo ya koo, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu Mwitaliano wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huu huwa umefumba. Hufunguka kwa kitambo kifupi tunapomeza au tunapopiga mwayo, kwa sababu misuli ya kaakaa laini huuvuta, na katika kitambo hicho hewa hupita, mgandamizo wa ndani ukalingana na wa nje. Kwa mtu mzima mrija una urefu wa takribani milimita 36 na umeinama vizuri kuelekea chini. Wa mtoto mchanga ni kama nusu ya urefu huo, ni mwembamba zaidi, na umelala karibu sambamba na ardhi, kiasi kwamba kamasi kidogo tu hutosha kuuziba. Kadiri mtoto anavyokua, mrija hurefuka na kuinama, na ndiyo sababu watoto wengi waliokuwa wakilia kila safari huacha wenyewe wanapofikia umri wa kwenda shule.

Ndege kubwa haziwaachi abiria kwenye hewa nyembamba ya mita 10,000, lakini pia haziwawekei hewa ya ufukweni. Chumba cha abiria huwekwa katika mgandamizo unaolingana na ule wa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400, na katika kiwango hicho cha juu mgandamizo ni kama robo tatu tu ya ule wa usawa wa bahari. Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu hawajaelezwa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtoto anayetua Nairobi anatoka kwenye hewa isiyotofautiana sana na hewa anayoikuta chini. Anayetua Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anateremka ngazi zote hadi ya mwisho. Ndiyo maana mtoto yuleyule aweza kwenda Nairobi akicheza na kurudi pwani akilia, na mzazi akadhani kwamba safari ya pili alikuwa na rubani mbaya. Safari ya kuelekea pwani ndiyo inayohitaji maandalizi makubwa zaidi.

Jambo la mwisho la kuelewa kabla ya kuzitazama dalili ni tofauti ya kupaa na kushuka. Ndege inapopaa, hewa ya sikio la kati hutanuka na kujitoa yenyewe kupitia mrija, kama mvuke unaoinua kifuniko cha sufuria. Inaposhuka, hewa inatakiwa irudi ndani, na mrija laini haufunguki kwa kusukumwa kutoka upande huo; lazima misuli iuvute. Ukicheleweshwa, tofauti ya mgandamizo huongezeka hadi misuli hiyo ishindwe kabisa kuufungua. Kwa sababu hiyo mtoto anayeanza kumeza mapema husafiri salama, na mtoto anayeanza kupewa chupa baada ya kilio kupamba moto huwa tayari ameshapitwa na nusu ya msaada.

Mtoto analia ndege inapopaa, au ikiwa imetulia angani

Mara nyingi chanzo si sikio. Angalia nepi, joto, njaa, mkanda unaombana, mwanga, usingizi uliokatizwa. Ikiwa ni mtoto mkubwa na anasema waziwazi kwamba sikio linauma wakati ndege inapanda, basi huenda pua imeziba sana kwa mafua, hata hewa inayotaka kutoka imekosa njia. Jiandae, kwa kuwa kushuka kutakuwa kugumu zaidi.

Kosa kubwa la hatua hii ni kumaliza akiba yote mapema. Siku moja nilikaa jirani na mama kijana aliyekuwa na mtoto wa miezi tisa. Nyumbani aliambiwa ampe mtoto chupa ndege ikipaa, naye akafanya hivyo; mtoto akainywa yote kwa raha, akabeua, akalala. Rubani alipotangaza kwamba tunaanza kushuka, mtoto aliamka, akaanza kujipinda na kujipiga sikio kwa kiganja, na chupa ilikuwa tupu. Mama yake akawa anamrusharusha huku akiona haya kwa macho ya watu. “Mdogo wangu,” nilimwambia, “kama bado ananyonya, mpe ziwa sasa hivi, usingoje anyamaze kwanza.” Akajifunika khanga, akampa. Mtoto alilikataa mara mbili kwa kilio, mara ya tatu akalishika, na baada ya mafunda matano au sita nikaona vidole vyake, vilivyokuwa vimekunja khanga, vinalegea kimoja kimoja. Mtoto huyo hakupewa dawa yoyote. Alimeza tu.

Gawa basi chakula chake. Wakati wa kupaa mpe kidogo, au nyonyo bandia tu, na sehemu kubwa iwekwe kwa ajili ya kushuka. Maziwa ya mtoto na maji yake yaliyochemshwa kwa kawaida huruhusiwa kupita kwenye ukaguzi hata yakizidi mililita 100, ila uyatoe kwenye mkoba na kumwambia mkaguzi mapema.

Kichanga analia katika nusu saa ya mwisho, anavuta masikio, anageuza kichwa

Huu ndio mfano kamili wa maumivu ya mgandamizo. Ndege nyingi za abiria huanza kushuka kati ya dakika 20 na 30 kabla ya kutua, na mara nyingi mwili hulijua jambo hili kabla ya tangazo: mngurumo wa injini hupungua, pua ya ndege huinama kidogo, na masikio yako mwenyewe huanza kujaa. Masikio yako yakikupa ishara, ya mtoto yameshaipata. Anza hapo hapo.

Mnyonyeshe au mpe chupa akiwa ameinuliwa kifua na kichwa, asilazwe chali, kwa kuwa maziwa yanayomezwa mtoto akiwa amelala kabisa yanaweza kurudi nyuma ya pua na kuingia kwenye mrija uleule tunaotaka uwe wazi. Mkanda wake mdogo uliounganishwa na wa kwako ubaki umefungwa. Kunyonyesha kunawezekana kabisa ukiwa umefunga mkanda, mradi uwe umejipanga kabla taa ya mkanda haijawaka. Akinyonya kwa kasi na kushiba upesi, mwachishe kidogo, kisha mrudishe, ili mafunda yatawanyike katika dakika zote 20 badala ya kuisha katika tano za kwanza.

Akikataa ziwa na chupa, mpe nyonyo bandia au kidole chako kisafi anyonye. Aliyevuka miezi sita anaweza kupewa maji kwa kijiko, funda baada ya funda. Ikiwa vyote vimeshindikana na mtoto analia tu, usijilaumu, wala usiwaogope abiria wenzako. Mtoto anayelia hufungua kinywa, huvuta pumzi na kumeza mate, na kilio chenyewe mara nyingi huuzibua mrija. Mshike wima, kichwa chake begani kwako, umpapase mgongo.

Alikuwa amelala fofofo, akaamka ghafla akipiga kelele

Mtu aliyelala humeza mara chache sana kuliko aliye macho. Mtoto aliyelala wakati ndege inaanza kushuka anaweza kupitisha dakika kumi nzima bila kumeza hata mara moja, hewa ya nje ikizidi kuibonyeza ngoma ya sikio, mpaka maumivu yenyewe yamwamshe. Jambo hili huonekana sana kwenye safari za usiku, kama zile za familia zinazotoka Muscat au Dubai kuja Zanzibar na Dar es Salaam, ambapo watoto hulala baada tu ya chakula na ndege hutua wakiwa katikati ya usingizi.

Ushauri wa kawaida ni kumwamsha kabla ya kushuka. Mimi nauunga mkono, nikiongeza neno moja: kichanga mwenye pua safi anayeendelea kulala kwa utulivu, asiyekunja uso, aweza kuwekewa ziwa au nyonyo mdomoni akanyonya katika usingizi wake bila kuamshwa kabisa. Mwenye mafua aamshwe, hata kama inauma kumwona akisumbuliwa. Mwulize mhudumu wa ndege mapema ni saa ngapi mtaanza kushuka, umwombe akupe taarifa dakika tano kabla. Ombi hili ni la kawaida kwao.

Kuna tabia iliyoenea ambayo napenda ikomeshwe: kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua au ya mzio inayoleta usingizi ili “asisumbue” ndani ya ndege. Mbali na kwamba dawa hizo zina hatari zake kwa watoto wadogo, zinamnyima mtoto kitu kimoja kinachomsaidia sikio, yaani kuwa macho na kumeza.

Mtoto ana mafua, na safari ni kesho

Hapa ndipo penye maswali mengi, na ndipo maumivu makali zaidi hutokea. Mafua huvimbisha ngozi laini iliyo kwenye mlango wa mrija, na kamasi nzito hukaa juu yake kama gundi. Mtoto anaweza kumeza kwa bidii zote na mrija usifunguke.

Kwanza amua kama asafiri. Mafua mepesi ya pua inayotiririka kwa kawaida hayamzuii mtoto kusafiri. Mtoto mwenye homa, anayelia usiku kwa sikio, au aliyeanza kutibiwa maambukizi ya sikio siku hizi, anatakiwa aonekane na daktari kabla ya safari, na tarehe ikiweza kusogezwa, isogezwe. Nauli ya kubadilisha tiketi ni chungu, naijua, lakini ngoma iliyokwisha kuvimba na kuwa nyekundu ndiyo inayopasuka kwa urahisi.

Ikiwa mnasafiri, kazi yote iko puani. Usiku wa kuamkia safari, na tena ndani ya saa moja kabla ya ndege kushuka, tia matone mawili au matatu ya maji ya chumvi ya dukani, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, katika kila tundu. Subiri kidogo kamasi ilainike. Kisha mnyonye kwa kipira cha kunyonyea kamasi, au mwambie apenge kama ameshajua. Apenge tundu moja kwa wakati, jingine likiwa limebanwa kidogo, bila kutumia nguvu nyingi, kwa kuwa kupenga kwa kishindo huweza kusukuma kamasi kuelekea sikioni. Ndani ya ndege hewa ni kavu na kamasi hukauka upesi, hivyo mpe maji mara kwa mara safari nzima.

Dawa ya maumivu ina nafasi yake hapa. Parasetamoli haizibui mrija, ila hupunguza ukali, na ili ifanye kazi kwa wakati yapasa impate mtoto kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kushuka. Kipimo hufuata uzito: milligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 basi anahitaji kati ya milligramu 120 na 180. Chupa nyingi za dawa ya maji zinazouzwa kwetu zina milligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo kipimo chake ni mililita 5 hadi 7.5, lakini zipo zenye nguvu zaidi katika ujazo uleule, na ndiyo sababu karatasi ya chupa isomwe kila mara, na dawa ipimwe kwa bomba au kikombe chake, si kwa kijiko cha chai. Isirudiwe kabla ya saa nne kupita, wala isizidi mara nne katika saa 24. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu asipewe bila daktari. Aspirini watoto wasipewe kabisa.

Kuhusu dawa za kuzibua pua: vidonge na dawa za maji za aina hiyo, ambazo watu wazima huzitumia kabla ya kupanda ndege, hazijathibitika kuwasaidia watoto, na huwafanya wengine wasinzie au wahangaike. Matone ya kuzibua pua yenye dawa, tofauti na yale ya maji ya chumvi, yasitumike kwa mtoto bila kauli ya daktari, na hata hapo hayatumiki zaidi ya siku tatu, kwa kuwa pua huzoea na kuziba tena kwa ukali zaidi yanapoachwa.

Mzazi ambaye mtoto wake huumwa sikio kila safari, hukoroma usiku, hulala mdomo wazi na hutoa sauti ya puani, asiishie kwenye maandalizi ya safari. Huenda ana kile tunachokiita nyama za pua, yaani tezi zilizovimba nyuma ya pua, mahali hasa mrija unapofungukia. Hilo ni suala la daktari wa masikio, pua na koo.

Mtoto mkubwa anasema masikio yameziba, au sauti zinasikika kwa mbali

Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kujisaidia, mradi amefundishwa nyumbani kabla ya safari, si kwenye kiti huku akilia. Njia ya kwanza ni kutafuna na kumeza: bigijii, kipande cha tunda kavu, maji kwa mrija wa kunywea. Pipi ngumu ni nzuri kwa aliyevuka miaka minne au mitano na anayekaa ametulia. Kwa mdogo zaidi pipi na bigijii, sawa na karanga, ni vitu vya kumkaba koo, na ndani ya ndege inayotikisika hatari hiyo huongezeka.

Njia ya pili ni kupiga mwayo mkubwa wa makusudi, kwa kutanua taya na kulivuta kaakaa juu. Ya tatu ni kubana pua kwa vidole, kufunga mdomo na kumeza. Ya nne imeitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, Mwitaliano mwingine aliyeichunguza elimu ya sikio: bana pua, funga mdomo, kisha sukuma hewa polepole kana kwamba unapenga kamasi, mpaka usikie “pu” ndogo sikioni. Neno la kutilia mkazo ni polepole. Mtoto akisukuma kwa nguvu zake zote anaweza kujidhuru, na mwenye kamasi nyingi apenge kwanza. Nyumbani, mfundishe mbele ya kioo akiwa na furaha; atakayesikia mlio huo mara moja hatausahau.

Arudie kila baada ya dakika mbili au tatu tangu kushuka kunapoanza, hata kama hasikii maumivu. Sikio likikataa kuzibuka na linauma, aache kusukuma, arudi kwenye kumeza.

Vizibo vya masikio vyenye kichujio, vinavyouzwa kwa ajili ya wasafiri, hupunguza kasi ya hewa kuifikia ngoma, na wapo wanaoviona vinawafaa. Havifungui mrija. Mtoto anayevivaa bado anahitaji kumeza.

Ndege ni ndogo

Ndege kama Cessna Caravan, zinazowapeleka wasafiri Masai Mara kutoka uwanja wa Wilson, Serengeti kutoka Arusha, au Zanzibar kutoka bara, hazina chumba cha abiria kilichowekewa mgandamizo. Sikio hupata urefu wote ambao ndege imeupanda. Safari fupi ya Dar es Salaam hadi Zanzibar hupita chini na haina taabu kubwa, lakini mtoto anayetoka nyanda za juu kama Serengeti au Arusha, kwenye mita 1,400 na zaidi, akapandishwa juu zaidi kisha akashushwa hadi ufukweni, amepewa mteremko mrefu. Hewa pia hubadilika kwa kasi zaidi kadiri unavyokaribia usawa wa bahari, kwa hiyo mita 1,000 za mwisho ndizo nzito kuliko zote. Katika ndege hizi hakuna wahudumu. Mwambie rubani kabla ya kuondoka kwamba una mtoto mwenye mafua, na pale inapowezekana atashuka taratibu zaidi.

Vitu vinavyotiwa sikioni

Bibi zetu wanatupenda, na wengi wao watakukabidhi kichupa cha mafuta ya nazi ya uvuguvugu, maji ya kitunguu, au watasema utie tone la maziwa ya mama. Kwa heshima zote, vitu hivi vyote huishia upande wa nje wa ngoma, na tatizo letu liko upande wa ndani. Haviwezi kufika, na ikiwa ngoma imepasuka, vinaweza kupeleka vijidudu mahali pabaya. Vivyo hivyo kikombe chenye karatasi iliyolowekwa maji ya moto, ambacho wengine hukiweka juu ya sikio: mvuke hauufungui mrija, na maji ya moto kwenye shavu la mtoto ndani ya ndege ni ajali inayongoja. Mwambie anayekuombea mema kwamba umeshukuru, kisha umpe mtoto maji anywe.

Maumivu makali yamekoma ghafla, na kuna uchafu sikioni

Mtoto aliyekuwa analia sana anaponyamaza kwa ghafla, kisha ukaona maji, damu kidogo au usaha kwenye tundu la sikio au kwenye mto, huenda ngoma imepasuka na mgandamizo ukapata njia. Inatisha kuona, lakini kwa watoto wengi ngoma hujifunga yenyewe katika majuma machache. Futa nje tu kwa kitambaa safi. Usiingize pamba ya kijiti, usitie matone yoyote uliyobaki nayo nyumbani. Baadhi ya matone ya sikio yanayouzwa kwa urahisi, yakiwemo yenye jentamaisini, yanaweza kudhuru sikio la ndani yakipita kwenye tundu la ngoma. Maji ya kuoga na ya bahari yasiingie. Mpeleke hospitali ndani ya siku moja au mbili; na ikiwa ana kizunguzungu, anatapika, anayumba akitembea au hasikii kabisa, mpeleke siku hiyohiyo.

Watoto waliowekewa na daktari vibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio hawapati taabu hii kwa kawaida, kwa kuwa hewa yao hupita ngomani moja kwa moja. Wazazi wao wasafiri bila hofu.

Maumivu yanayosingiziwa ndege

Kabla ya kuilaumu safari, vuta kidogo ndewe ya sikio la mtoto au bonyeza kinyama kilicho mbele ya tundu. Akiruka kwa maumivu, tatizo huenda liko kwenye njia ya nje ya sikio. Hili hutokea sana kwa watoto wanaorudi kutoka likizo ya pwani walikoshinda majini juma zima. Ngozi ya ndani ya tundu hulowa, ikavimba na kuambukizwa. Maumivu ya mgandamizo hayaongezeki kwa kuvuta sikio. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayelalamika sikio moja tu, kabla hata ya kupanda ndege, atazamwe pia kama ametumbukiza shanga au punje ya mahindi; usijaribu kuitoa kwa kibanio.

Mmeshatua, na bado masikio yamejaa

Kusikia kwa mbali na milio midogo ya “tik, tik” kwa saa kadhaa, hata kwa siku moja au mbili, ni jambo la kawaida, hasa kwa aliyesafiri na mafua. Aendelee kunywa, kutafuna na kupiga mwayo. Ikiwa siku ya tatu imefika bila nafuu, au maumivu yanazidi, au homa imeanza, aonekane na daktari. Uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, au sikio lililosukumwa mbele, hausubiri kesho.

Mwenye safari ya kurudi asingoje siku ya tiketi. Mpeleke mtoto siku tatu au nne kabla, daktari aitazame ngoma kwa kifaa chake chenye taa, aone kama bado kuna majimaji nyuma yake au kama tundu limefunga. Mtajie tarehe ya safari na uwanja mtakaotua, kwa kuwa kutua Nairobi na kutua Dar es Salaam si mzigo mmoja kwa sikio ambalo bado halijapona.